Silaha ya Kumenyea Chungwa

Miongoni mwa vitu vimpavyo mwanadamu ushujaa bila ya kumpa nguvu, kisu kidogo cha kukunja, kile kitiwacho mfukoni pamoja na funguo na sarafu, hakina mpinzani. Mwenye nacho hutembea kifua mbele, hupeleka mkono mfukoni kila asikiapo mchakacho vichakani, na huamini kuwa salama yake i mkononi mwake; ilhali silaha yote hiyo, ikisha kunyooshwa, haizidi urefu wa kidole, na adui sharti kwanza akukumbatie ndipo umfikie.

Makazi yangu ni Ruanda, wilayani Mbozi, katika mkoa wa Songwe uliotengwa na Mbeya mwaka 2016, na wilaya hii haina uhaba wa chuma. Kijijini Ndolezi kimelala kimondo kilichoshuka kutoka mbinguni, chuma kilichochanganyika na nikeli, chenye uzito upatao tani 16, nacho tangu kianguke hakijapata kumtetea mtu. Nyumba za wakulima wa kahawa nazo zimejaa mapanga, mashoka na majembe. Katika neema yote hiyo, mlinzi wa nafsi yangu alikuwa na bapa la sentimita sita, kizibuo cha soda na kijiti cha kuchokolea meno.

Jioni moja ya msimu wa kahawa, nikirejea kutoka barazani kwa jirani, mbwa watatu walichomoka nyuma ya vichanja vya kuanikia kahawa, wakanijia kwa ghadhabu isiyo na sababu wala utangulizi. Kisu cha namna ile hufunguliwa kwa mikono miwili na ukucha mmoja, na kucha zangu zilikuwa zimekatwa asubuhi ile kwa kufuata suna ya Ijumaa. Kilitoka kwanza kijiti cha meno. Kikafuata kizibuo, ambacho kwa muda niliwaelekezea mbwa wale kana kwamba wamekuja kuagiza kinywaji. Bapa lilipokubali kutoka, nilisukuma ncha mbele kwa nguvu zangu zote. Lakini kisu kisicho na komeo, kikisukumwa kikagusa kitu kigumu, nacho hapo kilikuwa nguzo ya kichanja, hurudi nyumbani kwake mara moja, na vidole vya mwenyewe vi mlangoni. Damu ya kwanza ya vita vile, na ya mwisho, ikawa yangu.

Mama mwenye kahawa, aliyekuwa akiyafunika mazao yake yasipatwe na umande, aliinama tu kama mtu aokotaye jiwe. Hapakuwa na jiwe. Mbwa wakatawanyika kwa adabu kubwa.

“Shikamoo, mama,” nikasema, nimeukumbatia mkono wangu.

“Marahaba, mwanangu. Pole. Ulitaka kuwamenyea chungwa?”

Lau adui angelikuwa binadamu, hali isingelikuwa njema zaidi. Kanuni ya Adhabu ya nchi yetu humruhusu mtu kujitetea nafsi yake na mali yake, bali kwa nguvu ya kadiri ya hatari iliyomkabili. Na atakayechomoa kisu katika ugomvi wa maneno aweza kuondoka mahali pale yeye ndiye mshitakiwa. Tena kisu kidogo hakitishi kabla ya kuonekana, na gizani hakionekani. Bakora ya mti mgumu humweka mhasimu mbali kwa hatua mbili. Ukelele huwaita majirani. Miguu, kwa aliye nayo mizima, huutatua mgogoro bila ya shahidi. Na mbwa akiwahi kuuma, tiba haimo mfukoni: ni kuosha jeraha kwa sabuni na maji yatiririkayo kwa muda wa dakika 15, kisha kuharakia zahanati kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa.

Sikidharau chombo chenyewe. Hukata kamba ya gunia, huchonga kalamu ya risasi, na mbele ya chungwa ni shujaa asiye na mfano. Wahenga walinena kwamba mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Wakakomea hapo kwa hekima yao, wala hawakuongeza kuwa ndiye asiyeliwa.