Bwawa la Samaki Nyasura: Mwongozo wa Kujitafutia Taabu

Mtu wa Dodoma akisema anataka kuchimba bwawa la samaki nyuma ya nyumba, utamwelewa. Wewe unaishi Nyasura, mjini Bunda. Ghuba ya Speke iko hapo chini, na ng'ambo yake limetandaa ziwa la kilomita za mraba zaidi ya 68,000 ambalo halikuchimbwa na kibarua yeyote. Hata hivyo umekwisha kuamua, na sururu umenunua. Basi tuendelee.

Jambo la kwanza, usipime udongo. Waoga ndio huchimba kishimo cha kufika kiunoni, wakakijaza maji asubuhi, jioni wakarudi kutazama yamebaki kiasi gani, kisha wakakijaza tena na kukifunika majani hadi kesho yake. Wengine hufinyanga donge la udongo mbichi, wakalirusha juu na kulidaka: likimomonyoka, mfinyanzi ni haba na bwawa litavuja. Ukifanya hivyo utaujua ukweli mapema mno, nawe ulikuwa umeshawatangazia shemeji zako.

Msimu uchague mwenyewe, yote ina adhabu yake. Ukichimba Julai kwenye udongo mweusi wa mbuga, sururu inadunda na ardhi ina nyufa za kupitisha mkono. Ukingoja masika, udongo uleule unang'ang'ania chepe hata uukwangue kwa kijiti. Ukipanda kwenye miinuko utakutana na jiwe, nalo halina msimu.

Sasa hesabu, ambayo wengi huifanya wakiwa tayari ndani ya shimo. Bwawa la mita 10 kwa 15, kina cha mita moja kwa wastani, ni mita za ujazo 150. Mwanamume mwenye nguvu akitoa mita za ujazo mbili kwa siku amefanya kazi ya kusifiwa. Udongo wenyewe ni zaidi ya tani 200. Anayejua kazi hachimbi kina chote: huondoa kwanza nyasi na udongo wa juu, akachimba karibu nusu ya kina, na kile alichotoa akakipanga kuwa kingo, tabaka baada ya tabaka, kila moja ikishindiliwa kabla ya nyingine kuwekwa. Wewe rundika tu upande wa jirani. Mvua ya kwanza itakurudishia udongo wako bwawani, bure kabisa, bila toroli.

Ukiita vibarua, patana nao kwa hatua, kama tunavyopima mashamba kanda hii ya ziwa, ambako hatua 70 kwa 70 ni ekari. Ila usiulize hatua za nani. Siku ya kupatana atapima mwenye miguu mifupi, siku ya malipo utapima wewe mwenye miguu mirefu, na mabishano yatamfikia mwenyekiti wa mtaa.

Shimo limekamilika? Hongera. Lakini shimo si bwawa, na hapo ndipo pesa huanza kutoka. Kulijaza kunataka lita 150,000, yaani madumu 7,500 ya lita 20. Kisha jua la kwetu hunyonya kama milimita tano kwa siku. Ni kidogo mno kwa macho, ila katika bwawa la ukubwa huo ni lita 750, zaidi ya madumu 35 kila siku ya Mungu, na hapo sijagusa yanayopotelea chini. Kama maji yako ni ya bomba lenye mita, msome msoma mita uso wake akifika.

Wageni hawahitaji mwaliko. Mbu watatangulia, watafuata ng'ombe wa jirani, kenge na mnandi. Konokono wa kichocho nao hupenda maji yaliyotulia yenye majani kandoni, na watoto watapenda kuogelea humohumo. Hili la watoto silifanyii mzaha: jenga uzio kabla maji hayajaingia.

Mwisho ni samaki. Weka sato madume na majike pamoja bila kuuliza. Watazaana hadi bwawa lijae visato vya saizi ya kidole, vinavyogombania chakula na havikui. Wenye subira hununua vifaranga madume watupu, au huongeza kambale wachache wa kuwala watoto wa sato. Chakula utachanganya pumba, mashudu na dagaa. Ndiyo, utanunua dagaa wa Ziwa Victoria, uwalishe sato wako, ili usinunue sato wa Ziwa Victoria.

Wapo wanaofanikiwa, tena vizuri, ila wengi wao walianza na lile shimo la waoga. Kama bado unataka, nenda halmashauri ukamwone afisa uvuvi kabla ya kumwita kibarua. Ukitoka huko, kaongee na jirani wa chini ya mteremko, kwa sababu kingo zikipasuka usiku, maji hayatakuja kwako.