Sifa za Tui Lililokatika

Katika jiko la pwani hakuna kinachosimangwa kama tui lililokatika. Mchuzi wa pweza ukitoka na madonge meupe juu ya maji, mafuta yamejitenga pembeni kama mgeni aliyenuniwa, hakuna anayeuliza kama pweza amelainika. Linaloulizwa ni nani alikuwa jikoni. Ndiyo maana mpishi husimama na upawa, anateka na kumimina, anateka na kumimina, mpaka chungu kitulie. Mtuhumiwa mwenyewe, yaani tui, hajawahi kupata wakili. Leo namtetea mimi, na shahidi wangu anatoka Thailand.

Mtu anayetaka kupika nyumbani kaeng khiao wan, ule mchuzi wa kijani wa migahawa ya Kithai, huhangaika kwanza na kutafuta vitu: mchaichai, pilipili mbichi, kamba waliochachushwa, mchuzi wa samaki wa chupa. Vikishapatikana vyote anafungua kopo la tui, anavuruga humo rojo la viungo, anachemsha. Kinachotoka ni supu ya rangi ya chaki, tamutamu, isiyo na ile harufu ya mgahawani. Atailaumu pilipili, ataulaumu moto, mwisho atalilaumu kopo, na hapo atakuwa ameanza kuukaribia ukweli. Mpishi wa Bangkok haanzi kwa kuchemsha vyote pamoja. Anatia kasimile, lile tui zito la kwanza, peke yake kwenye karai, analiacha litokote mpaka likatike, na lugha yake inalitaja jambo hilo bila haya: taek man, yaani kupasuka mafuta. Rojo huingia baada ya hapo.

Tui ni matone ya mafuta yaliyotawanyika ndani ya maji na kushikiliwa na protini. Maadamu maji ni mengi, joto haliendi mbali na nyuzi 100, kwa hiyo kitunguu saumu na wenzake wanachemka tu. Tui likishakatika, protini zimeganda, maji yamepungua, mafuta yamejikusanya. Sasa joto linapanda, rojo linakaangwa, na harufu ya mchaichai, ambayo hupatana na mafuta kuliko maji, inapata pa kukaa. Vile vidoa vya mafuta ya kijani vinavyong'aa juu ya bakuli, ambavyo mteja huvilipia kwa furaha, ni kosa lile lile ambalo mwali wa huku angelisikia mpaka arobaini yake.

Kopo nalo lina kisa chake. Viwanda vingi hutia ndani yake vitu vya kulishikamanisha tui, kama gundi ya guar, kwa sababu mnunuzi hapendi kulikuta limejitenga. Matokeo yake ni tui lenye adabu kupita kiasi: utalichemsha jioni nzima nalo limekaa vile vile. Nazi iliyokunwa kwa mbuzi na kukamuliwa kwa kifumbu haina adabu hiyo, na kwa mara hii mwenye kibao cha mbuzi Tanga amemzidi mwenye duka kubwa mlangoni London. Huyo wa London itabidi aongeze kijiko cha mafuta ya nazi, yaani anunue kwa chupa kile alichofichwa kwenye kopo.

Watasema mafuta yale yanatisha machoni na mwilini. Lakini hakuna aliyeyaongeza. Yalikuwamo tangu nazi ilipovunjwa. Tui laini limeyaficha, lililokatika limekiri. Watasema pia kwamba kukata kwa makusudi si sawa na kukatikiwa kwa uzembe, na hapa wakili nalegeza sauti. Tui likikatika mwishoni, viungo vimeshaivia majini, mafuta hayana tena cha kukaanga, yanabaki kuelea na madonge yake. Hata Wathai wenyewe, wakipika tom kha, supu yao ya kuku na nazi, huangalia tui lisipasuke. Kwa hiyo nalitetea tui lililokatika mapema. La kuchelewa lijitafutie wakili wake.

Ukisikia mtu analia jikoni kwamba tui limekatika, usimcheke. Muulize kwanza kama viungo vimeshaingia. Kama bado, mletee kinu.