Shajara ya Biskuti za Ulezi

Jumapili
Mama Idi ametangaza kwamba maandazi basi. Kuanzia wiki hii asubuhi zitaliwa biskuti za ulezi na oti, zisizo na sukari, za kuokwa siku moja na kukaa koponi. Kila mtu atachukua zake na kuondoka. Sababu ni muda: yeye anatoka alfajiri, watoto wanawahi namba shuleni, mimi nafungua kibanda kabla jua halijapanda. Nimeuliza nani ataoka. Wote wakaniangalia. Mimi ni fundi wa bati hapa Gerezani, na kibandani kwangu zimepangwa oveni za mkaa.

Oveni hizo ni za wateja. Hilo halikujadiliwa.

Jumatatu
Kariakoo, kununua mahitaji. Muuza ulezi wangu hajatulia mahali pamoja tangu soko kuu liungue Julai 2021. Leo nimemkuta pembeni mwa Mtaa wa Mkunguni. Kaniambia wiki ijayo nisimtafute hapo. Ndizi nimenunua kisukari, zilizoiva hadi zina madoa, kama nilivyoagizwa. Njiani guta la mabalo ya mitumba likanibana ukutani mimi na mfuko wangu. Maelekezo ya Mama Idi yanasema ndizi zipondwe, kwa hiyo tumehesabu hatua ya kwanza imekamilika.

Usiku tumechambua karanga. Mama mkwe hana mzaha na karanga: iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au yenye ukungu haiingii kwenye kikaango chake, kwa sababu ya sumukuvu, na ukikaanga vipi sumu hiyo haiishi. Karanga nzuri kaziweka kushoto, mbovu kulia. Akaenda kuswali isha. Idi akala kushoto.

Jumanne
Karanga zimenunuliwa upya. Vipimo ni hivi: oti vikombe 2, unga wa ulezi kikombe 1, ndizi 4, karanga zilizotwangwa nusu kikombe, tende 10 zilizokatwakatwa, mafuta vijiko 3, iliki, chumvi kidogo. Ulezi una kalisiamu nyingi kuliko ngano na mchele, ila hauna mnato. Ukiukanda bila ndizi unabaki mchanga mkononi. Ndizi ndiyo inayoshika, na utamu wote unatoka kwenye ndizi hiyo na tende.

Nikazitia kwenye oveni iliyokuwa karibu, makaa chini kwenye droo, mengine juu ya paa. Zimeiva kwa dakika 20, rangi ya kahawia, hazikupasuka. Oveni yenyewe ilipakwa rangi ya fedha jana jioni.

Mama Idi kanusa moja. "Baba Idi, hii ina afya gani?"

Nikamwambia rangi haina sukari. Hatukuongea tena hadi chakula cha usiku.

Jumatano
Nimetumia oveni isiyopakwa rangi. Ilikuwa ya mama mmoja wa Mbagala anayeoka keki za kipaimara na maulidi. Alisema ataifuata Ijumaa. Amekuja leo. Nilikuwa nimekwenda kununua riveti. Kijana wangu, ambaye kwa kweli hana kasoro kazini, akapokea fedha iliyobaki, akamwaga makaa, akafuta vumbi, akaipakia kwenye guta. Hakuna aliyemwambia afungue mlango.

Saa mbili usiku simu ikaita. "Fundi, oveni yako inatunza joto vizuri sana. Na hizi biskuti ni zawadi?"

Nikasema ndiyo, mama.

Akauliza kama kila mteja anapewa, kwa sababu dada yake naye anataka oveni.

Alhamisi
Oveni zote zimechukuliwa au zinanuka rangi. Mama mkwe kaonyesha njia ya zamani: sufuria kubwa, mchanga mkavu chini, trei juu ya mchanga, mfuniko, makaa juu ya mfuniko. Njia ni nzuri kwa mtu aliyekaa karibu. Mimi niliitwa kibandani kumkatia mtu bati la mfereji wa maji ya mvua, na mtu huyo alikuwa na maoni kuhusu Simba na Yanga.

Niliporudi nikaendelea kupepea. Redioni walikuwa wanaeleza mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia. Moshi ulielekea upande wa redio.

Biskuti zimetoka ngumu. Ukiiangusha moja sakafuni, mpangaji wa chumba cha pili anaitikia hodi.

Ijumaa
Siku ya majaribio. Kila mtu kachukua zake na kuondoka, kama ilivyopangwa. Mama Idi alianza moja akielekea kituo cha mwendokasi. Anasema ilikwisha akiwa ameshakaa mezani kazini. Binti yetu wa darasa la sita aliulizwa na mwalimu anatafuna nini saa tatu asubuhi. Akajibu, kifungua kinywa. Idi kairudisha yake nzima, ina alama ya jino. Jino lenyewe lilikuwa linalegea tangu mwezi uliopita, kwa hiyo silihesabu.

Mimi nilikula chapati kwa mama aliye jirani na kibanda. Nilimlipa noti na sikudai chenji, asije akanikumbuka.

Jumamosi
Mama mkwe kaamka kabla ya wote, kazitia zilizobaki kinuni, katwanga, kachekecha, kachemsha na maji, kakamulia ndimu. Uji. Watoto wamekunywa vikombe viwili viwili. Mama Idi kasema ndio uji bora aliowahi kunywa katika nyumba hii, kisha akatazama saa akakimbia.

Jirani wa chumba cha mbele alifuata harufu akaomba kuelekezwa. Mama mkwe hafichi kitu. Kamweleza kwamba ulezi huo ni lazima kwanza uchanganywe na ndizi na tende, uokwe kwa makaa, ulale siku mbili koponi, ndipo utwangwe. Akikoroga uji wa unga mtupu, asije kulalamika.

Jioni jirani amekuja kibandani kuagiza oveni. Anaitaka isiyo na rangi.