Barua ya Wazi kwa Vatican: Mtangazeni Hakuna Kuwa Mtakatifu

Waadhama Makardinali na Wahashamu Maaskofu,
Baraza la Kipapa la Kuwatangaza Wenyeheri na Watakatifu,
Vatican.

YAH: MAOMBI YA KUMTANGAZA HAKUNA KUWA MTAKATIFU

Tumsifu Yesu Kristo.

Tafadhalini rejeeni kichwa cha habari hapo juu.

Ninayemwombea si mgeni kwenu. Karibu mwaka 1290, mtu aitwaye Radulfus alipekua Maandiko ya Kilatini, na kila alipokuta nemo, yaani hakuna mtu, akalichukua neno hilo kuwa jina la mtu. Akaziokota aya hizo moja moja, akazishona zikawa maisha ya mtakatifu, kisha akaitunuku kazi yake kwa Kardinali Benedetto Caetani, ambaye mwaka 1294 alikuja kuwa Papa Bonifasi VIII. Wamekuwapo wasomi walioamini kwamba hakuwa akitania hata kidogo.

Na sifa za mtu wetu ni nzito. Yohane anashuhudia kwamba aliyemwona Mungu ni Hakuna. Kwa Mathayo, anayeweza kuwatumikia mabwana wawili ni Hakuna, kipaji ambacho nadhani hata hapo ofisini kwenu kinahitajika. Nabii anayekubalika kwao? Luka anamtaja huyohuyo. Mlango ambao Kristo ameufunga, Kitabu cha Ufunuo kinasema wa kuufungua ni Hakuna.

Doa lake ni moja: yule mwanamke aliyefumaniwa, aliyemhukumu ni Hakuna. Lakini Wakili wa Shetani, yule wa kuwapinga wanaoombewa utakatifu, ambaye angelishikia bango jambo hilo, mlimkata makali mwaka 1983, kwa hiyo tusonge mbele.

Maadui hakukosa. Mmoja, Stefano wa Mtakatifu Georgi, aliandika waraka mzima kumpinga Radulfus na kuwashutumu wafuasi wa Nemo kwa uzushi. Mtu kukasirika kiasi hicho kwa ajili ya Hakuna!

Mtaniambia hakuwahi kuishi. Waadhama, hilo limeanza lini kuwa kikwazo? Josafati alikaa kwa raha katika orodha yenu ya watakatifu, tarehe 27 Novemba, ilhali kisa chake ni cha Buddha, kilichotoka India, kikapita kwa Waarabu na Wageorgia, kikafika Ulaya kimeshabatizwa. Kristofa naye sikukuu yake iliondolewa katika kalenda ya Kanisa zima mwaka 1969, na madereva bado wamemning'iniza mbele ya usukani. Hakuna angalau hajawahi kumdanganya mtu kwamba yupo.

Najua mnataka miujiza miwili.

Wa kwanza umechapwa. Mwanzoni mwa karne ya 16, kinyozi wa Strasbourg, Jörg Schan, alimtungia shairi lililotoka pamoja na picha yake: yuko katikati ya vyombo vilivyovunjika, mdomo umetiwa kufuli. Watumishi wa nyumbani walipoulizwa nani kavunja, walimtaja yeye. Kufuli lile nimelitazama sana. Mtuhumiwa wa kila kosa, wala hajitetei.

Wa pili mnaujua kuliko mimi. Mapadre waliodhulumu watoto walihamishwa parokia hadi parokia, katika nchi kadhaa, kwa miaka mingi. Ilipoulizwa nani alijua, nani alisaini uhamisho, nani alilifungia faili kabatini, ofisi baada ya ofisi ikataja jina lake. Akayabeba yote. Mfiadini gani mwingine amebebeshwa mzigo kama huo na maaskofu wake mwenyewe?

Kuhusu masalia, msiwe na wasiwasi: yapo ya kutosha kila altare duniani. Sikukuu naomba iwe tarehe 30 Februari. Gharama za mchakato, ambazo nasikia si haba, atalipa Hakuna, na mkiwa na maswali zaidi kuhusu ule muujiza wa pili, atakayewajibika kuyajibu ni yeye.

Wenu mtiifu,

Muumini wa kigango