Bure ya Kuonjeshwa na Bure ya Kumiliki

Msyuu! Mtu anauziwa maji ya mvua, na mvua yenyewe inamnyeshea kichwani!

Nasema hivi kwa sababu ya dogo mmoja wa kijiweni kwetu. Juzi jioni, kahawa ndiyo kwanza inaanza kuzunguka, kaja na laptopu kwapani, uso umemshuka. Mashine imejaa virusi. Kumbe alimpa muuza flashi mmoja shilingi elfu kumi amwekee programu ya kuandikia Python, "yenye kraki, haina longolongo". Elfu kumi, jamani! Python, lugha ya kuandikia programu, inagawiwa bure tangu 1991. Visual Studio Code, ya kuandikia hiyo Python, Microsoft wanaitoa bure tangu 2015. Mlango uko wazi mchana kweupe, kraki ya nini?

Nilipomuuliza hakujitetea sana. "Mzee, bando." Hapo nikanyamaza, maana kasema kweli. Kitu kinaweza kuwa bure mtandaoni na bado kisimfikie kijana anayenunua bando la siku. Yule muuza flashi alichouza hasa ni usafiri: mzigo kaufikisha mlangoni, ila njiani kauchafua.

Dawa ya bando ipo, na ndiyo inayonichoma roho kwamba vijana hawaambiwi. Kuna Kiwix, programu ya kusomea mtandao bila mtandao: unapakua Wikipedia mara moja, au yale maswali na majibu ya Stack Overflow, kisha unasoma hata umeme wa mtaa mzima ukikatika, ilimradi betri ina chaji. Kuna DevDocs, imekusanya miongozo ya lugha nyingi za programu, nayo inakubali kuhifadhiwa kwenye kivinjari ikatumika intaneti ikiwa imezimwa. Asiye na laptopu, kuna Termux: simu ya Android inageuka uwanja wa Linux, Python inaingia, Git inaingia. Mmoja akienda penye Wi-Fi ya kueleweka akapakua vyote hivyo, benchi zima limeshiba mwezi.

Fundi simu wetu, ambaye haachi neno lipite, akadakia: "Vya bure havidumu. Leo unapewa, kesho unanyang'anywa." Ah! Hapo ndipo gumzo lilipokolea, kwa sababu fundi kasema nusu ya jambo, na nusu aliyoiacha ndiyo kubwa.

Bure ziko mbili. Iko bure ya kuonjeshwa, kama kipande cha embe anachokukatia mwenye genge ili ununue fungu. Kampuni inakupa nafasi kwenye seva zake, unaweka mradi wako, unazoea. Siku hesabu zao zikibadilika, kipande kinakoma. Heroku, iliyowalea wanafunzi wengi duniani waliokuwa wakiweka hewani miradi yao ya kwanza, iliondoa mpango wake wa bure tarehe 28 Novemba 2022. Ilitangaza mapema, wala haikuvunja sheria, kwani embe ni lake mwenye genge. Halafu iko bure ya kumiliki, ile ya programu huria: msimbo umeandikwa wazi, leseni inakuruhusu kuutumia, kuunakili, kuurekebisha na kuugawa. Hata aliyeuandika akigeuza moyo kesho, nakala uliyonayo haiwezi kukutoka mkononi.

Na hakuna aliyeionja tofauti hiyo kuliko Linus Torvalds mwenyewe, baba wa Linux. Tangu 2002 yeye na wenzake walikuwa wakitunzia msimbo wa Linux kwenye chombo kiitwacho BitKeeper. Kilikuwa mali ya kampuni. Wao wanakitumia bure kwa hisani. Mwaka 2005 ukazuka mgogoro wa masharti, hisani ikaondolewa. Mradi unaotegemewa dunia nzima ukabaki bila ghala! Nguo ya kuazima haisitiri maungo. Torvalds akaketi kuandika chombo chake tarehe 3 Aprili 2005, na kufikia tarehe 7 kilikuwa tayari kinatunza msimbo wake chenyewe. Ndiyo Git hiyo, ambayo leo ukiomba kazi ya kuandika programu popote utaulizwa kama unaijua.

Vijana wengi wanachanganya Git na GitHub. Git ni yako. GitHub, tovuti ya kuwekea miradi ya Git, ni nyumba ya mtu, na tangu 2018 mwenye nyumba ni Microsoft, aliyeinunua kwa dola bilioni 7.5. Nyumba nzuri, kaa, tumia, jitangaze humo. Lakini jua kwamba Git haihitaji intaneti hata tone. Flashi ile ile aliyoharibiwa nayo dogo, ukiisafisha, inaweza kuwa ghala: wewe unasukuma kazi yako humo, mwenzako anaichomeka kwake anavuta, na historia yote ya mabadiliko imo. Watu wawili wa benchi moja wanajenga mradi mmoja bila kuchoma bando.

Hapo dogo akainua kichwa.

Nikamwambia pia habari ya SQLite, hifadhidata iliyoanzishwa na Richard Hipp mwaka 2000. Huyu hata leseni hakuweka. Kaitoa kuwa mali ya umma moja kwa moja. Kila simu ya Android iliyokuwa pale kijiweni inayo, na kwa hesabu za duka la mangi inatosha na kubaki. Ukitaka kubwa zaidi, PostgreSQL, nayo ni huria.

Na tusidhani haya ni ya Wazungu tu. Ushahidi, programu ya kukusanyia taarifa za wananchi na kuziweka kwenye ramani, iliyozaliwa Kenya katika machafuko ya baada ya uchaguzi, mwanzoni mwa 2008, msimbo wake uko wazi. Hapa Dar es Salaam, mradi wa Ramani Huria ulioanza 2015 ulichora mitaa inayofurika kwa kutumia OpenStreetMap, ramani ya dunia inayojengwa na watu wa kujitolea. Waliochora ni wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wakazi wenyewe.

Kujitolea huko kuna jasho. Machi 2024 iligunduliwa kwamba xz, programu ndogo ya kubana mafaili, ilikuwa imepandikizwa mlango wa siri. Mtunzaji wake alikuwa mtu mmoja wa kujitolea, aliyekwisha kuchoka, na mwenye nia mbaya akajifanya msaidizi. Aliyegundua, Andres Freund, alistuka tu kwamba kuingia kwenye mashine kunachelewa nusu sekunde. Kwa hiyo tusiwaachie watunzaji mzigo peke yao: ukipata kosa, liripoti. Ukielewa mwongozo, uandike kwa Kiswahili.

Dogo nimemwambia aje Jumamosi na laptopu yake, tuifute, tuanze upya. Nawe msomaji, kama umeshavipakua vitu hivi, usikae navyo peke yako: jaza flashi, mpelekee kijana wa jirani, na usimtoze hata senti.