Hulk Anabeba Madumu Mangapi? Mwongozo kwa Wabishi wa Nakivale

Nakivale hapakosi ubishi. Makazi haya ya wakimbizi katika wilaya ya Isingiro yalianzishwa mwaka 1958, na leo ukitoka Base Camp kwenda Rubondo unapita kwa Wakongomani, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali na Waethiopia. Kila jamii ina lugha yake ya kusali na ya kumkanya mtoto. Ya kubishana ni moja, Kiswahili. Na katika mabishano yote hakuna linalomaliza chaji za simu kama hili: kati ya mashujaa wa vitabu vya katuni, nani zaidi kwa nguvu?

Wengi huingia humo mikono mitupu, wakapaza sauti na kurudi nyumbani koo limekauka. Mwongozo huu ni kwa ajili yao. Ukiufuata hatua kwa hatua hutaupata ukweli, ila utashinda.

Hatua ya 1: Tupa tani, shika dumu

Tani ni kipimo cha watu wasiobeba. Dumu la njano la lita 20, likijaa maji, ni kilo 20, na kila msikilizaji analijua kwa shingo yake mwenyewe.

Mfano. Kitabu cha maelezo ya mashujaa wa Marvel, kilichoanza kutoka mwaka 1983, kinampa Spider-Man uwezo wa kuinua tani 10. Mpinzani wako atarukia kusema hayo ni madumu 500. Mwache amalize, kisha mwambie kwa upole kwamba hizo ni tani za Kimarekani, na tani ya Kimarekani ni kilo 907. Kwa hiyo Spider-Man anabeba madumu 453. Mengine 47 yamepotelea kwenye mizani, na hapo kila aliyewahi kupimiwa unga kwa kopo la mtu mwingine atahamia upande wako.

Captain America naye amewekewa ratili 800, yaani madumu 18. Kijana anayeuza maji kwa baiskeli hubeba sita kwa safari moja. Akienda safari tatu kabla ya chai, wamelingana. Atakayekumbusha kwamba Captain America huinua yote kwa mkupuo mmoja, mwambie asiharibu mazungumzo.

Hatua ya 2: Mjue shahidi wako

Wanaobishana ni wengi, waliowahi kushika kitabu chenyewe ni wachache. Ushahidi mwingi hutoka kwenye kibanda cha video, na kule shahidi mkuu ni VJ, yule anayekaa na maikrofoni akiwasimulia watazamaji filamu. Uganda ina akina VJ Jingo na VJ Junior kwa Kiganda. Kwa Kiswahili kuna DJ Afro wa Kenya, na Tanzania ilikuwa na Lufufu. Hawa hawatafsiri tu, wanaunga na nazi. Kwenye filamu ya *Who Killed Captain Alex?*, iliyotengenezwa Wakaliga, Kampala, mwaka 2010, maneno ya VJ Emmie yamekuwa maarufu sawa na filamu yenyewe.

Kanuni ni nyepesi. Hulk akirusha gari dogo na VJ akasema ni lori la mchanga, na wewe ni mshabiki wa Hulk, andika lori. Kama ni mshabiki wa Superman, VJ ni mchekeshaji tu na hafai mahakamani.

Hatua ya 3: Uliza mwaka

Superman alitoka katika kitabu cha katuni cha Juni 1938, kazi ya Jerry Siegel na Joe Shuster. Kwenye jalada ameinua gari juu ya kichwa. Tufanye tani moja na nusu, yaani madumu 75. Wakati huo hata kuruka angani hakujui. Anachupa tu, kama mita 200 kwa mchupo, na kombora lingeweza kumtoboa ngozi.

Mwaka 2012, katika maabara, Superman huyohuyo anainua uzito sawa na wa Dunia nzima kwa siku tano mfululizo. Hiyo ni 6 yenye sifuri 21 nyuma yake kwa tani, na kwa madumu ni 3 yenye sifuri 23. Hakuongeza chakula wala mazoezi. Kilichobadilika ni mwandishi.

Basi ukiwa naye, mlete wa 2012. Ukiwa dhidi yake, mng'ang'anie wa 1938 na udai kwamba cha kale ndicho halisi.

Hatua ya 4: Tenganisha kuinua na kushikilia

Mshabiki wa Hulk atakuja na toleo la nne la *Secret Wars*, la mwaka 1984. Safu ya milima imeangushwa juu ya mashujaa, tani bilioni 150, na Hulk amesimama chini yake kama nguzo. Usitishike. Uliza: aliiinua, au ilimkuta amesimama? Nguzo ya nyumba nayo inashikilia paa mwaka mzima, na hakuna aliyewahi kuiita shujaa.

Akizidi kukusumbua, mkumbushe kilichomsaidia Hulk siku ile. Reed Richards, shujaa mwenzake, alikuwa pembeni akimtukana makusudi ili apandwe na hasira, kwa kuwa Hulk huongezeka nguvu kadiri anavyokasirika. Kwa hiyo gawa milima kwa watu wawili, mwenye mgongo na mwenye mdomo. Kila mtu anabaki na tani bilioni 75.

Hatua ya 5: Jihadhari na mwanafunzi wa fizikia

Ubishi ukihamia Mbarara mjini, tazama kwanza kama hakuna mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia karibu. Huyo ataharibu kila kitu kwa swali moja: ameshika wapi? Shujaa anayeinua ghorofa kwa kona moja ni kama mtu anayeinua mkungu wa matoke kwa kushika ndizi moja. Atabaki na ndizi mkononi na mkungu chini. Isingiro ni nchi ya ndizi, hivyo hoja hiyo itaeleweka mara moja na utaaibika.

Dawa ipo. Mtaje Superboy wa mwaka 1993. Waandishi walimpa nguvu inayokifunika chote anachokigusa, hivyo hakimeguki. Mwanafunzi atasema hilo si jibu, ni kisingizio. Mwitikie kwamba ni kweli, na kimechapishwa.

Hatua ya 6: Dai uraia

Tani zikikuishia, lete taifa. Mganda ana karata nzuri: Florence Kasumba, aliyecheza Ayo katika *Black Panther* ya mwaka 2018, alizaliwa Kampala. Ayo hakuinua hata kilo moja. Huwaangalia watu, wakapisha.

Mkongomani wa Goma atajibu kwa chukudu, lile gari la mbao la magurudumu mawili linalobeba mamia ya kilo za viazi na makaa. Mwendeshaji wake amejengewa sanamu mjini, na Spider-Man Goma hana. Mrundi atakohoa kidogo, kisha ataleta wapiga ngoma, wanaoingia uwanjani na ngoma ya gogo kichwani huku wakiipiga. Hapo usishindane, piga makofi, kisha sogea hatua ya mwisho.

Hatua ya 7: Toa Liyongo

Hii ni silaha nzito, usiitoe mapema. Fumo Liyongo wa pwani ya Pate, ambaye utendi wake uliandikwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913, alitembea na mkoba begani. Alipoufungua, alitoa kinu na mchi, mawe ya kusagia, chungu na mafiga. Weka kwenye mizani ukitaka, lakini hiyo si hoja yako. Hoja yako ni kisima.

Mfalme wa Pate alimhonga mwana wa Liyongo, na mwana akamchoma baba yake kitovuni kwa sindano ya shaba akiwa usingizini. Liyongo akaamka, akatwaa upinde, akaenda kisimani, akapiga goti na kuweka mshale tayari. Akafa hivyohivyo. Watu wakamwona kwa mbali, wakadhani yu hai, wakaogopa kwenda kuteka.

Mahojiano yatakwenda hivi:

"Mzee wangu, huyo Liyongo aliinua tani ngapi?"

"Hakuinua kitu, mwanangu. Alikuwa ameshakufa."

"Sasa nguvu iko wapi?"

"Mji mzima ulikosa maji."

Kisha piga hesabu kwa sauti. Tufanye mji una kaya 1,000, na kila kaya hutumia madumu manne kwa siku. Hayo ni madumu 4,000 kila siku yaliyozuiwa na maiti, na Spider-Man, mzima wa afya, anabeba 453. Hakuna aliyewahi kupanga foleni ya bomba Nakivale atakayekubishia.

Neno kwa anayeanza

Umeona utaratibu. Anayetangulia kutaja kipimo ndiye anayeondoka na ushindi, iwe ni tani, mwaka, uraia au kisima, ndiyo maana wabishi wazoefu huwahi kibandani. Kwa hiyo chagua shujaa kwanza, mizani baadaye, na usikubali kamwe kufanya kinyume chake.

Na mgeni akikuuliza, baada ya yote haya, nani hasa mwenye nguvu zaidi, usikurupuke. Muulize yeye anamshabikia nani, na kama ndiye anayelipa chai. Kipimo kitapatikana.