Safu ya Ushauri: Pikapu za Hevi Metali, Pamoja na Machache Kuhusu Ubora wa Mshauri

Msomaji mmoja wa Kibaoni, Ifakara, anayejiita Mkereketwa wa Ngurumo, ameuliza ni pikapu ipi inayofaa kuwekwa badala ya ile iliyokuja na gitaa lake la umeme, kwa kuwa yeye hupiga hevi metali na gitaa hilo, kwa maelezo yake, halimtishi hata kuku. Swali hilo limefika kunakostahili. Katika bonde lote la Mto Kilombero, kuanzia Kidatu hadi Mlimba, hakuna mwingine mwenye sifa za kulijibu isipokuwa Mshauri wa safu hii, ambaye anasema hivyo bila kujisifu, kwani kujisifu alikwishakufanya kwa ukamilifu katika kitabu chake kikubwa kuhusu sauti, kitabu ambacho kimekamilika kwa kila hali ila tu hakijaandikwa.

Pikapu inayozungumziwa hapa, ambayo haihusiani na zile gari zinazobeba magunia ya mpunga kwenda mashineni, ni kifaa kidogo kinachokaa chini ya nyuzi za gitaa, chenye sumaku na koili, yaani waya mwembamba wa shaba uliozungushwa maelfu ya mara. Uzi wa chuma unapotikisika juu ya sumaku huvuruga uga wake, na mvurugiko huo huzalisha ndani ya koili umeme hafifu unaopelekwa kwenye amplifaya ili ukuzwe. Kanuni ni ileile inayoendesha mitambo ya Kidatu, yenye uwezo wa megawati 204, isipokuwa kule kazi ya kidole hufanywa na maji ya Mto Ruaha Mkuu. Ufafanuzi huu ni mali ya Mshauri na unaruhusiwa kunukuliwa darasani, mradi jina lake litangulizwe na wanafunzi wawe wamesimama.

Pikapu ya koili moja ina udhaifu wa kunasa mvumo wa umeme wa majumbani, ambao nchini Tanzania huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde. Mpigaji wa dansi huuvumilia mvumo huo, kwa sababu sauti yake ni safi na haikuzwi kupita kiasi, na Mshauri anaamini kwamba yeye na Mbaraka Mwinshehe, gwiji wa mkoa huuhuu wa Morogoro aliyekwenda na Morogoro Jazz hadi Osaka mwaka 1970, wangepatana sana katika jambo hili, hasa kama Mbaraka angekubali kurekebishwa hapa na pale. Mpigaji wa hevi metali hana bahati hiyo, kwani hutumia distosheni, yaani ukuzaji wa mawimbi ya sauti hadi yanakatika vichwa, na chochote kilichoingia kwenye waya, ukiwemo mvumo, hutoka kikiwa kikubwa kama muziki wenyewe. Mkazi wa Ifakara yuko katika hali ya pekee zaidi, kwa maana anaishi kati ya mitambo ya Kidatu upande mmoja na ile ya Kihansi, yenye megawati 180, upande wa Mlimba, kwa hiyo mvumo wake ni mazao ya nyumbani. Mvumo huo huangukia kati ya noti ya G na ile ya nusu hatua juu yake, na Mshauri, aliyekuwa mtu wa kwanza kutangaza kwamba bonde zima limetuniwa hivyo, bado anasubiri barua ya shukrani kutoka mamlaka yoyote iliyo tayari.

Tiba iliyopendekezwa awali na safu hii ilikuwa kupandisha mzunguko wa gridi ya taifa kutoka 50 hadi 55, ili mvumo uwe A kamili na upatane na gitaa lililolegezwa nyuzi. Pendekezo hilo halina dosari ya kimuziki, ila friji, pampu na mashine za kukoboa za nchi nzima zingelazimika kufuata, na wenye mashine ni watu wagumu kuelewa sanaa.

Tiba ya bei nafuu ilibuniwa mwaka 1955 na Seth Lover, fundi wa kampuni ya Gibson nchini Marekani, aliyeweka koili mbili bega kwa bega, sumaku zake zikiwa zimegeuziwa ncha na waya zikiwa zimeunganishwa kinyume, hivi kwamba mvumo unaonaswa na koili ya kwanza hufutwa na ule wa pili, ilhali sauti ya nyuzi hujumlishwa. Pikapu hiyo huitwa hambaka, na ndiyo inayotumiwa na wapigaji wengi wa hevi metali. Inakera kulazimika kuongeza kwamba Tony Iommi wa kundi la Black Sabbath, aliyepoteza ncha za vidole viwili kiwandani Birmingham, alirekodi albamu ya kwanza ya kundi hilo, iliyotoka mwaka 1970, kwa gitaa lenye pikapu za koili moja. Ukweli wa namna hii hudhoofisha mamlaka ya washauri na ungepaswa kuhifadhiwa mahali pasipofikika kwa urahisi.

Wapo wanaodai kwamba muziki huu ni wa kigeni. Farrokh Bulsara, ambaye dunia ilimjua kama Freddie Mercury, alizaliwa Zanzibar mwaka 1946. Kundi lake la Queen lilitunga wimbo ambao kundi la hevi metali la Metallica liliurudia mwaka 1990. Na Brian May, mpiga gitaa wa kundi hilo, alianza kulitengeneza gitaa lake mwenyewe pamoja na baba yake mwaka 1963, akajaribu kuunda pikapu kwa mkono, kisha akaishia kununua za kampuni ya Burns. Kutokana na hayo Mshauri amethibitisha kwamba hevi metali ni mali ya Zanzibar, na kwa njia ya Muungano ni mali ya Ifakara pia.

Sumaku za pikapu ni za aina kuu mbili: alniko, ambayo ni mchanganyiko wa chuma, alumini, nikeli na kobalti na hutoa sauti laini zaidi, na seramiki, ambayo kwa kawaida hutoa sauti kali, iliyobana, inayoacha noti za chini zisikike moja moja badala ya kuwa uji. Wauzaji hupenda kutaja ukinzani wa koili, unaopimwa kwa kiloomu, kana kwamba namba kubwa ndiyo nguvu, ingawa ukinzani hutegemea pia unene wa waya na hausemi lolote kuhusu sumaku. Ipo pia pikapu tendaji, mfano EMG 81, yenye kikuza sauti kidogo ndani yake kinachotumia betri ya volti 9. Hiyo ina kelele kidogo sana, lakini betri huendelea kuliwa kila waya unapoachwa umechomekwa. Faida yake Ifakara ni kwamba umeme ukikatika, pikapu itaendelea kwa uaminifu kupeleka sauti kwenye amplifaya iliyozimika.

Kwa majaribio ya mwisho ya noti za chini, safu hii inaelekeza gitaa lipelekwe kando ya Mto Kilombero kabla ya jua kuchomoza na lipigwe mbele ya viboko, ambao sauti yao nzito ndiyo kipimo pekee ambacho Mshauri anakikubali nje ya sauti yake mwenyewe. Kwa kuwa kiboko ni mnyama hatari, jukumu hilo ni la mpiga dramu. Asiporudi, pikapu ina nguvu ya kutosha.

Nafasi iliyobaki ni ndogo, kwa sababu wahariri wa siku hizi hawaelewi, kwa hiyo jibu lenyewe ni hili: msomaji asinunue kitu kabla ya kuchukua bisibisi na kuipandisha pikapu aliyonayo hadi ibaki nafasi ya milimita 2 au 3 kati yake na nyuzi zilizobanwa kwenye freti ya mwisho. Kama tatizo ni mlio mkali usiokoma, huenda waya wa koili unatikisika, na pikapu inaweza kuchovywa katika nta ya mishumaa iliyochanganywa na nta kidogo ya nyuki, iliyoyeyushwa kwenye chombo kilichowekwa ndani ya maji ya moto na kamwe si juu ya moto wenyewe, kwani nta huwaka. Ikishindikana, abadilishe ile ya karibu na daraja peke yake, achague hambaka ya seramiki isiyotumia betri, apime kwanza kama nguzo zake zinalingana na nafasi za nyuzi, ahakikishe volyumu ni ya kiloomu 500, na kazi ya kulehemu amwachie fundi redio.

Msomaji wa Mang'ula anayetaka gitaa lililochongwa lote kwa mpingo anakumbushwa kwamba mti huo huzama majini. Autumie kwenye ubao wa vidole, ambako kwa kweli unafaa sana, na mwili uwe wa msaji, ambao bonde lina mashamba yake. Mama wa Mahenge aliyeomba ushauri wa ndoa atajibiwa baada ya kueleza kama amplifaya ya mumewe inalala chumba kimoja nao.